Tupeane uzoefu: tairi lipi limekutunzia pesa, na lipi lilitaka kukutoa roho?

Wakuu, habari za leo. Naandika nikiwa bado na hofu, ingawa miezi minne imepita.

Nina gari, Toyota Premio, naishi Kibaha, kazi iko mjini. Mwaka jana matairi yote manne yalibaki vipara na ada za watoto zilikuwa mlangoni. Nikachukua ya mtumba, elfu sabini kwa moja, wakati jipya la saizi yangu (195/65R15) nilitajiwa laki moja na sitini. Kashata (yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara) zilikuwa nene, mpira unang'aa. Nikahesabu nimeokoa laki tatu na sitini, nikalala usingizi mzuri.

Desemba tukafunga safari ya Iringa, mimi, mama watoto na watoto watatu. Tumeshaipita Mikumi, jua la saa nane, niko kwenye mia moja, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Sikukanyaga breki. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikaachia mafuta taratibu, gari likayumba mpaka likasimama pembeni. Mbele yetu lilikuwa linakuja lori. Hakuna aliyepata hata mkwaruzo, Mungu ni mwema.

Kijana aliyetusaidia kufunga spea akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukitazama. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Langu liliandikwa 0611: wiki ya 6 ya mwaka 2011. Kashata zilikuwa nzima, lakini mpira ulishakauka. Ukiukunja ubavu unaona nyufa ndogondogo kama udongo wa mfinyanzi uliopigwa na jua. Matatu yaliyobaki, moja la 2012 na mawili ya 2013.

Naomba tupeane uzoefu. Sema ulinunua nini, ulilitunzaje, likakaa muda gani. Yale ya "nasikia" tuyaache.

Fundi pancha, Msamvu

Pole sana mkuu, na asante kwa kulisema hadharani. Nipo kwenye kazi hii miaka 17 hapa Morogoro, barabara ya Iringa na ya Dodoma zote zinanipitia mlangoni.

Kinachoua matairi hapa kwetu kwanza ni upepo mdogo. Tairi la upepo wa PSI 32 (PSI ni kipimo cha presha) likishuka mpaka 25, kwa macho huwezi kujua, limekaa vizuri tu. Lakini ubavu unajikunja kila mzunguko, unapata joto, na joto hilo ndilo linaloachanisha nyuzi na mpira. Nikilitoa kwenye rimu nakuta ndani kuna unga mweusi, ubavu umejisaga wenyewe. Hilo siliwekei kiraka hata mteja akasirike.

Tairi linasema lenyewe linaumwa nini, muwe mnainama kulitazama. Likiliwa kingo zote mbili, ulikuwa unatembelea upepo mdogo. Likiliwa katikati, umejaza kupita kiasi. Upande wa ndani tu umeisha na wa nje mzima, hiyo ni alaimenti (magurudumu hayajanyooka), au bushi na bolijointi, viungo vya chini, zimechoka. Hapo ukinunua tairi jipya bila kugusa chini umelipeleka kwenye kisu kilekile. Likiliwa mabonde mabonde, angalia shokomzoba na balansi.

Kuhusu pancha: kamba ya kuchomeka kutoka nje inakufikisha nyumbani. Dawa yenyewe ni kulivua tairi, kulikagua ndani na kubandika kiraka. Na hiyo ni kwa tundu lililo kwenye kashata tu. Msumari ukiingia begani au ubavuni, hakuna fundi wa kukusaidia, huo ubavu unacheza muda wote.

La mwisho, na hili linaniuma. Kuna watu wanachonga matairi. Kipara kinachukuliwa, kinakatwa mifereji kwa kisu cha moto, kinapakwa rangi nyeusi, kinauzwa. Kwenye malori yapo matairi yaliyotengenezwa yachongwe, yameandikwa REGROOVABLE ubavuni. La gari dogo halina nyama hiyo, ukilichonga umebakiza nyuzi. Ukiwa dukani ingiza kidole ndani ya mfereji: kuna vinundu vidogo vimevuka chini, ubavuni pameandikwa TWI kuonyesha vilipo. Vinundu hivyo vina kimo cha milimita 1.6, kashata zikilingana navyo tairi limekwisha. Kwenye tairi lililochongwa utakuta mfereji umevikata au umepita chini yake.

Mwalimu, Arusha

Mimi akiba yangu ilianza kwa kipimo cha upepo, hiki cha mkononi kama kalamu. Nilikinunua kwa bei ya chakula cha mchana.

Kabla ya hapo nilikuwa nasimama kituo cha mafuta, kijana ananiuliza "niweke ngapi dada?", namwambia weka kama kawaida. Kawaida yake ilikuwa 40. Gari langu likawa linarukaruka kwenye lami kama liko kwenye kokoto, na matairi ya mbele yakaliwa katikati ndani ya mwaka.

Ndugu yangu mmoja akanifungulia mlango wa dereva, akanionyesha karatasi kwenye nguzo. Nilikuwa naiona kila siku, ila Kijapani sikisomi. Akaniambia achana na herufi, tafuta saizi ya tairi na namba iliyo karibu na kPa. Yangu ni 220. Kila kPa 100 ni kama PSI 14 na nusu, kwa hiyo 220 ni 32.

Sasa kila Jumapili asubuhi kabla sijawasha gari kwenda ibadani napima, yakiwa baridi. Ukipima baada ya safari ndefu utakuta namba imepanda, usipunguze, ni joto. Ukipunguza, kesho asubuhi yatakuwa chini. Seti niliyofunga baada ya hapo ina miaka mitatu na miezi miwili na bado ipo juu ya vile vinundu anavyosema fundi. Kila kilomita elfu kumi nayahamisha, ya mbele yaende nyuma, maana gari langu linavutwa na magurudumu ya mbele na huko ndiko yanakoisha haraka.

Mwenye Hiace, Mwanza

Mimi niliumizwa na namba nyingine kabisa. Hiace yangu inataka 195/80R15 LT (LT ni tairi la gari la mizigo), pembeni yake pameandikwa 107/105. Niliona bei, nikatafuta njia ya mkato: matairi ya gari dogo, upana 195 hiyohiyo, rimu 15 hiyohiyo, yakaingia. Muuzaji hakuniambia neno.

Yaliandikwa 91. Baadaye sana nikajua hiyo ni namba ya uzito: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 107 ni kilo 975. Pigeni hesabu. Manne ya 91 yanabeba kilo 2,460. Hiace tupu inazidi tani moja na nusu, weka abiria 14 na mizigo yao ya sokoni. Ndani ya wiki tano mawili ya nyuma yalitoka uvimbe ubavuni kama ngumi ya mtoto. Nilisimamisha gari siku hiyo hiyo, nikanunua manne ya LT kwa mkopo wa kikundi. Yamenifanyia kazi mwaka na miezi minane. Hesabu ya kwanza ilinipa hasara mara mbili, na abiria wangu hawakujua walikuwa wamekalia nini. Hilo bado linanisumbua.

Mgeni wa Dodoma

Naongeza moja fupi. Gari langu lilitoka Japani na matairi mazuri sana, nikafurahi. Miezi saba yameisha. Kumbe yalikuwa ya theluji, yameandikwa STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini ili ushike kwenye baridi, kwenye lami yetu ya saa saba unaliwa kama sabuni. Mkipokea gari bandarini, someni kwanza.

Kaka wa Mombasa

Shukrani kwa mada hii, wenzangu. Kwangu ni spea. Nilipata pancha nikielekea Voi, nikafunga ile spea nyembamba ya dharura, nikaendelea na safari mwendo uleule. Gari likawa halitulii, kila kona linaniponyoka. Nikasimama nikasoma: mwisho kilomita 80 kwa saa, na upepo wake ni 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Langu lilikuwa na 20. Tangu siku hiyo, nikipima manne, la tano napima pia.

Mama wa Tanga

Swali kwa fundi. Nina uwezo wa matairi mawili tu mwezi huu. Nifunge mbele au nyuma? Mume wangu anasema mbele, kwa sababu ndiko kunakopiga kona.

Fundi pancha, Msamvu

Mama, funga nyuma, na yale ya nyuma yenye hali nzuri yaende mbele. Najua wengi tunafanya kinyume, na mimi nilifanya hivyo miaka mingi. Mbele yakiteleza kwenye maji, gari linakwenda moja kwa moja, unaachia mafuta na unalihisi kwenye usukani. Nyuma yakiteleza, gari linageuka lenyewe, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Na hayo yanayobaki yasiwe vipara. Kama ni vipara, gari lipumzike mpaka mwezi ujao.

Mwalimu, Arusha

Fundi, na ile gesi ya naitrojeni wanayouza kwenye maduka makubwa?

Fundi pancha, Msamvu

Hewa hii tunayovuta, asilimia 78 ni naitrojeni tayari. Haina ubaya, lakini hela hiyo kapimie alaimenti.

Mwanzisha uzi

Wakuu, nimesoma yote na jioni hii nimetoka nje na tochi. Manne niliyofunga Januari ni ya mwaka jana, nimeona tarehe kwa macho yangu. Karatasi ya mlangoni inasema 220, kipimo cha kuazima kwa jirani kimeonyesha mbele 27 na 28, nyuma 31 yote mawili. Huo ni mwezi mmoja tu tangu nijaze.

Kisha nikakumbuka maneno ya kaka wa Mombasa, nikafungua buti. Lile la spea lililotuokoa pale Mikumi nililirudisha mahali pake bila kulitazama. Lina upepo 14, na ubavuni pameandikwa 4009.

Kesho silipeleki gari mjini. Napanda daladala, nikirudi napitia kununua la tano.