np.where, np.select au maski: ipi kwa hesabu ya PAYE?

Karani_Mishahara
Wakuu, habari za majukumu. Nahamisha hesabu za PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) za ofisi kutoka Excel kwenda Python, natumia NumPy (maktaba ya namba, kwa kifupi np). Nimeandika `if mshahara > 270000:` nikapigwa na ValueError, eti arei (safu ya namba) ina utata. Naona wengine wanatumia np.where (sharti moja, matokeo mawili), wengine np.select (masharti mengi), wengine maski (safu ya kweli/uongo ya kuchagua wahusika). Nishike ipi? Tarehe 7 ya kupeleka kodi hiyo inagonga mlango.

BwanaLupu
Watu wangapi? Mshahara ni kabla au baada ya kutoa NSSF (mchango wa hifadhi ya jamii)? Bara au Zanzibar? Mkuu, hujasema kitu.

Tanga_Dev
Hiyo `if` inataka jibu moja, ndiyo au hapana. Wewe umeipa majibu ya ofisi nzima. Tumia np.select. Masharti orodha moja, matokeo orodha nyingine, inasomeka kama jedwali la TRA (mamlaka ya mapato) lenyewe. Ila inachukua sharti la kwanza lililo kweli, kwa hiyo anza juu: `> 1000000`, kisha `> 760000`, `> 520000`, `> 270000`. Ukianza chini, mkurugenzi naye atakatwa 8%.

FundiNamba
Maski, mkuu. Unawagusa wanaohusika tu. np.where inapewa pande zote mbili zikiwa zimeshakokotolewa, ndipo ichague. Weka `np.log(x)` upande mmoja huku x ina sifuri (logi ya sifuri haipo), maonyo utayapata tu hata kama sharti linaziruka.

MamaHesabu
Fundi, hiyo maski ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mishahara yangu ilikuwa namba kamili, hakuna senti. Nikaandika `kodi = np.zeros_like(mishahara)`, yaani safu ya sifuri yenye umbo la mishahara, nikajaza kundi kwa kundi kwa maski. Hakuna kosa, hakuna onyo. Mhasibu akaja: jumla yako na yangu hazilingani, shilingi kadhaa. Nikakagua viwango, nikakagua mipaka, nikamshuku mhasibu. Siku tatu! Mwishoni nikagundua tofauti yangu siku zote ni pungufu, haizidi hata mara moja. Kumbe `zeros_like` imerithi aina ya namba kamili, kila kodi niliyoingiza inakatwa senti kimyakimya. Tangu siku hiyo naandika `dtype=float` (aina yenye desimali) hata nikiwa usingizini.

FundiNamba
Hilo ni kosa la `zeros_like`, maski umeisingizia 😂

MamaHesabu
Kwenye np.select kosa hilo ningelipata wapi?

Karani_Mishahara
Samahani wakuu. Watu 3,200, Bara, NSSF imeshatolewa. Seli nyingine ziko tupu.

BwanaLupu
3,200? `for` ya kawaida, mtu mmoja mmoja, inamaliza kufumba na kufumbua. Mnamtesa mtu bure.

Tanga_Dev
Leo 3,200, kesho wakimpa matawi yote? Ila seli tupu ni hatari. Zinaingia kama NaN (yaani "si namba"), na `NaN > 270000` ni uongo, kwa hiyo np.select inawaangusha kwenye default (jibu la masharti yote yakikosa), yaani 0. Mtu asiye na mshahara kwenye faili anaonekana kama hana kodi. Pitisha `np.isnan` kwanza.

Mkenya_Mmoja
Kwani lazima masharti? `np.maximum` inachukua kubwa kati ya mbili. Tumia `0.08*np.maximum(m-270000,0) + 0.12*np.maximum(m-520000,0) + 0.05*np.maximum(m-760000,0) + 0.05*np.maximum(m-1000000,0)`. Mwenye milioni moja anatoka na 128,000, sawa na jedwali lenu. NaN inabaki NaN, haijifichi. Huku kwetu tunamalizia kwa `np.maximum(kodi-2400,0)`, ile nafuu ya kila mtu.

FundiNamba
Hiyo 0.12 mkaguzi ataielewa? Kwenye jedwali kuna 20%.

Mkenya_Mmoja
8 na 12 ni 20, ndugu.

BwanaLupu
Na hii "kodi" ni ya TRA au ya kompyuta? Nimesoma mara mbili.

Tanga_Dev
Ya kompyuta ni msimbo, mzee.

BwanaLupu
Msimbo wa posta?

Karani_Mishahara
Fomula ya Mkenya na np.select zimenipa jumla tofauti, wakuu. Ya Mkenya imetoa nan.

MamaHesabu
Seli tupu ni ngapi?