Quad ESL za 1957: Quad II, 303 au 405?

Mpenda_Santuri (Leicester)
Shikamooni wakubwa. Nimepata jozi ya spika za Quad ESL, zile za mwanzo zenye umbo kama hita ya umeme, ambazo utando wake hutikiswa na chaji ya umeme. Zinalia zote, ila ya kushoto iko chini kidogo. Nimeona amplifaya tatu: jozi ya Quad II za vali, na Quad 303 na 405 za transista. Hiyo 405 wananiuzia rahisi na ina wati 100. Nichukue ipi? Nasikiliza taarab na jazi, chumba ni kidogo.

MzeeVali
Marahaba. 405 iache, labda iwe imefungwa kizuizi cha volti. Spika hizi mwisho wake ni volti 33 za kilele, na wati 100 kwenye ukinzani wa ohmu 8 ni volti 40 za kilele. Ukipandisha sauti, paneli ya katikati inapiga cheche na utando wake unatoboka. Mimi nasema Quad II. Peter Walker, mwanzilishi wa Quad, alipozitoa spika hizi mwaka 1957, Quad II ndiyo ilikuwa amplifaya yake, wati 15 tu kila moja. Utamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuingia ubeti wa pili, na kidole kikiteleza kwenye uzi wa udi.

Wa_Transista
Heshima yako mzee, lakini mimi nampa 303. Quad II ni nzuri sana, ila kapasita zake zimezeeka na vali za KT66 si za bei ya kawaida. 303 ya 1967 inatoa wati 45, na umeme wake wa ndani ni volti 67, nusu juu na nusu chini, kwa hiyo kilele chake kinaishia pale pale spika inapovumilia. Ina pia kapasita kubwa kwenye njia ya kutokea sauti. Transista ikifa, umeme wa DC (wa mkondo mmoja) haufiki kwenye spika. Na ndugu, usidanganywe na ukinzani wa ohmu 15 ulioandikwa kwa spika hizi. Huko juu kabisa kwenye sauti nyembamba, ESL zinashuka hadi ohmu 2 hivi, na si kila amplifaya inatulia hapo.

Mama_Redio (Mombasa)
Jamani, mbona hiyo ya kushoto mmeiruka? Iache kwenye plagi usiku kucha ipate chaji. Ikibaki chini, huenda sehemu inayozalisha volti kubwa imechoka, na hapo amplifaya yoyote haitakusaidia. Usifungue mgongo mwenyewe mwanangu: paneli za besi zina volti 6,000, na chaji hubaki hata ukichomoa waya. Huku pwani unyevu na vumbi ndivyo vinavyozimaliza. Zisogeze pia mbali na ukuta, kama mita moja hivi, maana sauti inatoka mbele na nyuma. Zikiegemea ukuta besi inavurugika.

Mpenda_Santuri
Asanteni sana. Ziko kwenye plagi tangu jana. Ya kushoto imepanda lakini haijaifikia mwenzake. Naanza na fundi, kisha 303. MzeeVali, ukisikia jozi ya Quad II iliyokarabatiwa vizuri, nishtue.