RE: Mizinga ya nyuki kwa wazee wa alizeti, Singida

Wakuu, salaam. Wazee nyumbani wanategemea alizeti tupu, bei ikianguka hawana pa kushika. Ndugu wametuletea hesabu ya mizinga 40 kwa mkupuo. Tutume fedha?
(Leicester)

---

Ya 40 msitume. Anzeni na kumi. Kinachobaki kinunue mavazi mawili kamili ya kurinia asali, bomba la moshi na ndoo mpya zenye mfuniko wa kubana. Nyuki huhamia wenyewe, na si kila mzinga utakaliwa msimu wa kwanza.

Kabla ya kumlipa fundi, daini picha ya viunzi, vile vijiti vinavyopangwa juu ya mzinga, rula ikiwa juu yake. Upana ni milimita 32 kwa nyuki wetu; michoro ya huku ni ya nyuki wa Kizungu, 35 na kuendelea. Kiunzi kikizidi upana, sega huanzia kimoja likaishia cha pili. Siku ya kurina unainua kimoja unararua mawili, majana, yaani watoto wa nyuki, yanamwagika na kundi linahama. Katikati ya kila kiunzi upitishwe mstari wa nta iliyoyeyushwa. Harufu inawaita na mstari unawaonyesha pa kuanzia.
(Minneapolis)

---

Dada kamaliza ya fundi. Mizinga itundikwe kwa waya, usawa wa kiuno, nyegere asiiangushe, na waya upakwe grisi kwa ajili ya siafu. Iwe mita 300 hivi kutoka nyumba na njia ya ng'ombe.

Kurina ni jioni, kwa moshi, si moto. Wakate sega ambalo nyuki wameliziba kwa nta angalau robo tatu. Lisilozibwa lina maji mengi, na yakivuka asilimia 20 asali inachacha na kutoa povu. Ndoo isiachwe wazi, asali hunyonya unyevu wa hewa. Ndoo ya rangi iliyooshwa? Hapana kabisa.

Halafu wauze kwa mizani. Ndoo ya lita 20 inabeba kilo 28 hivi za asali, si 20, na wachuuzi wanalijua hilo vizuri sana.
(Muscat)

---

Ahsanteni. Basi kumi, na picha ya rula kwanza. Ila alizeti hupulizwa dawa asubuhi.
(Leicester)

---

Kupuliza wakuhamishie jioni, nyuki wakisharudi mzingani. Maua yakichanua, wasipulize.
(Muscat)