Nataka kununua bunduki ya kuwindia ya mashoto, naombeni ushauri kabla sijatoa hela

MashotoTX:
Wakuu habari zenu. Niko Texas mwaka wa sita sasa, upande wa Abilene, na jamaa mmoja tunayefanya naye kazi ndiye aliyenitia kwenye huu uwindaji wa kulungu, ana rafiki yake mwenye shamba kubwa kwa hiyo tunaingia kihalali kabisa, leseni nimekata na kozi ya wawindaji nimefanya maana huku ukiwa umezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971 lazima uwe nayo.

Sasa tatizo langu ni hili. Mimi ni mashoto toka nazaliwa. Shuleni nilichapwa mpaka nikajua kuandika kwa mkono wa kulia, lakini panga, nyundo, kurusha jiwe, vyote ni kushoto na begani bunduki inakaa kushoto yenyewe bila kufikiria. Msimu uliopita niliazimwa bunduki ya bolti (kile chuma unachovuta na kusukuma kwa mkono kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine) ya kawaida, yaani ile ambayo mkono wa bolti uko kulia. Tumekaa kwenye kibanda toka saa kumi na moja alfajiri, kulungu jike akatoka vichakani kama yadi 80, nikapiga. Nikaona amejikunja lakini hakuanguka, nikajua nimempiga vibaya, sasa hapo ndio unatakiwa uongeze risasi ya pili upesi, mimi ikabidi nitoe mkono wa kushoto kwenye triga, niupitishe juu ya darubini nikashike bolti upande wa pili, kichwa kikanyanyuka kutoka kwenye kitako, ganda likanipita karibu na shavu, na niliporudisha jicho kwenye darubini pale alipokuwa amesimama nikaona majani tu yanatikisika. Tulifuata damu mpaka giza likaingia. Tulimkuta asubuhi yake, mbweha wa huku wameshamla nusu. Ile kitu imenikaa rohoni mpaka leo, mnyama kateseka usiku kucha kwa sababu ya sekunde tatu nne ambazo sikuwa nazo.

Nimeenda duka moja la bunduki nikauliza za mashoto, muuzaji akaniambia hana hata moja na kwamba mashoto wote wanazoea tu hizi za kulia niache kujisumbua. Je ni kweli? Bajeti yangu ni kama dola 900 pamoja na darubini. Nipige kulungu na wale nguruwe pori waliojaa huku. Nisaidieni.

mzee_wa_bloku:
Mwanangu pole sana, na nikupongeze kwamba limekuuma, maana kuna watu wanajeruhi mnyama wanaenda zao kunywa soda.

Mimi nilifanya kazi ya kusindikiza wageni wa uwindaji miaka mingi, Selous enzi hizo kabla sehemu kubwa haijawa hifadhi ya Nyerere mwaka 2019, sasa nimepumzika zangu Arusha. Nakuambia nilichokiona kwa macho. Tulikuwa na mgeni mmoja mashoto, bunduki yake nzuri ya kushoto ikachelewa uwanja wa ndege, siku ya kwanza tukampa ya kambini ya kulia, ya risasi kipimo cha .375, ambayo ndio watu wanaanzia kwa nyati. Risasi ya kwanza ilikuwa nzuri tu, chini kidogo ya bega. Lakini nyati hafi kwa risasi moja kirahisi, unampiga, unakoki (unavuta bolti uingize risasi nyingine), unampiga tena papo hapo, sasa yule mgeni alivyotaka kukoki alishusha bunduki kabisa kutoka begani mpaka kiunoni, akakoki, akapandisha tena, nyati ameshaingia kwenye matete. Tuliingia kumfuata kwa saa mbili nzima, mimi na mfuata nyayo wetu, na ile ni kazi ambayo humwombei mtu. Siku ya tatu bunduki yake ikafika, akapiga nyati wa pili, risasi mbili zimelia karibu kama moja, shavu halijaondoka kwenye kitako. Mtu ni yule yule, na nyati tulimkuta palepale.

Kwa hiyo aliyekuambia mashoto wanazoea hajakudanganya sana, wanazoea kweli, risasi ya kwanza unapiga vizuri tu na bunduki yoyote. Ya pili ndio inayokutafuta.

Halafu kuna jambo la usalama watu hawalisemi. Bunduki ya kulia ukiiweka bega la kushoto, uso wako unakuwa upande ule ule maganda yanapotokea. Siku ganda likipasuka au kiini cha moto (kile kidude cha nyuma ya risasi kinachowasha baruti) kikitoboka, gesi inatafuta pa kutokea na wewe ndio umeweka jicho pale. Vaa miwani siku zote, kushoto au kulia.

Otieno_wa_barafu:
Sasa mkuu. Mimi ni Mkenya niko Minnesota, na kama mnavyojua kwetu uwindaji ulipigwa marufuku toka 1977 kwa hiyo hata mimi nilijifunzia huku huku ukubwani, na mimi pia natumia mkono wa kushoto.

Naheshimu alichosema mzee lakini niko tofauti kidogo. Mimi nilinunua .30-06 ya kulia kwenye duka la rehani, imetumika, bei nzuri sana, na kule kulikuwa na bunduki kama thelathini za kulia ukutani na ya kushoto hakuna hata moja, ndio ukweli wa soko. Halafu nikaamua kujifundisha bega la kulia kutoka mwanzo. Kwa vile sikuwa na mazoea yoyote ya zamani haikunichukua muda mrefu, miezi miwili ya kukoki bila risasi kila jioni pale basement, na nimeangusha kulungu wanne, wote kwa risasi moja.

Kama hutaki kubadilisha bega basi angalia zile za mkono wa chini, zile za kwenye sinema za kauboi. Mkono wake uko katikati chini ya triga, haujali kushoto wala kulia. Marlin 336 ya .30-30 kwa yadi 80 au 100 kwenye vichaka inatosha kabisa. Kujaza risasi ndio mlango uko ubavuni kulia lakini hilo unalifanya ukiwa umetulia, si wakati mnyama yuko mbele yako.

MashotoTX:
Asanteni sana wote. Mzee shikamoo, hiyo ya gesi sikuwahi kuifikiria. Kaka Otieno bega la kulia nimejaribu kweli, jicho la kulia nikilifunga la kushoto naona vizuri, nikifanya kinyume chake darubini inakuwa giza giza na naitafuta picha haiji. Sijui ni mazoea au ni macho.

mama_shabaha:
Kaka hapo ndipo ulipotakiwa kuanzia, na naomba usitoe hata senti kabla hujafanya hiki ninachokuambia. Nilifanya kazi kaunta ya duka la silaha hapa Houston miaka mitatu, na kosa hili nimeliona ndani ya nyumba yangu.

Kinachochagua bega ni jicho, mkono unafuata. Nyoosha mikono yote miwili mbele, kutanisha viganja ubakize katundu kadogo katikati, kwa macho yote mawili wazi tazama kitu cha mbali kupitia hapo, swichi ya taa ukutani kwa mfano. Sasa funga jicho la kulia. Swichi bado ipo? Jicho lako linalotawala ni la kushoto. Imepotea? Ni la kulia. Rudia mara tano sita, usijidanganye.

Mume wangu ni mashoto wa kila kitu, hata kijiko, akaenda moja kwa moja akanunua ya kushoto, msimu mzima anapiga pembeni anasema darubini mbovu. Tulipompima jicho lake linalotawala ni la kulia. Ikabidi tuiuze, na kuuza bunduki ya mashoto kaka ni shughuli, wanunuzi wachache mno, ilikaa miezi mitano na tulipunguza bei mara tatu.

Ukijiona ni jicho la kushoto basi usihangaike na bega la kulia, nunua ya kushoto na usimwombe mtu radhi. Na zipo nyingi kuliko muuzaji alivyokuambia, ila hazikai kwenye rafu. Savage wanatengeneza bolti za kushoto toka mwishoni mwa miaka ya 1950, na Axis yao ya mashoto ndio rahisi kuliko zote, ya kufanya kazi, haina urembo. Ruger American ipo ya kushoto, sefti yake (kitufe cha kuzuia bunduki isilie) iko juu ya shingo ya kitako, kidole gumba cha mkono wowote kinaifikia, kwa mashoto hii ni raha. Tikka T3x, hii inatoka Finland, bolti yake inateleza kama imepakwa mafuta ya nazi, ukishaishika nyingine zote unaona zinakwaruza, lakini itakumalizia bajeti na darubini utanunua ya kubana bana. Browning X-Bolt nayo ipo, juu zaidi ya hapo kibei.

Ukiletewa inayosemwa ni ya mashoto hakikisha bolti, dirisha la kutolea maganda na sefti viko upande wako, maana kuna mitumba mtu kabadilisha kitako tu akaiita ya kushoto. Na kitako kama kina uvimbe wa kiganja au wa shavu uwe wa upande wako pia.

Risasi chukua .308, kwa mashoto chaguo ni chache kwa hiyo usijifunge kwenye kitu adimu, .308 utaikuta ya kushoto kwa karibu kila kampuni na risasi zake ziko kila mahali. Ya greni 150 (kipimo cha uzito wa risasi) yenye ncha laini inaangusha kulungu na nguruwe vizuri tu.

Kununua: unaagiza mtandaoni, wanaituma kwa muuzaji mwenye leseni karibu na wewe, haiji nyumbani, pale unajaza fomu 4473 na wanakuangalia kwenye mfumo wa FBI kama huna kizuizi cha kumiliki silaha. Muuzaji atakuchaji kidogo kwa kuipokea, uliza kabla. Na kodi pia hesabu, huku inafika 8.25%.

Otieno_wa_barafu:
Dada umenifungua macho, nimejipima sasa hivi na kumbe mimi jicho langu ni la kulia! Ndio maana bega la kulia lilinikubali upesi vile. Basi ushauri wangu kwa MashotoTX naurudisha nyuma, wewe jipime kwanza.

mgeni_wa_Dallas:
Samahani kwa kudandia. Mimi niko na viza ya mwanafunzi, naruhusiwa kununua?

mama_shabaha:
Mdogo wangu, mwenye green card ananunua kama raia, anaongeza tu namba yake ya uhamiaji kwenye fomu. Mwenye viza ya muda kama yako sheria ya shirikisho inamkataza, isipokuwa akiwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo lolote, hapo anaruhusiwa. Ila ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla, kwa sababu kosa dogo kwenye fomu ile linaweza kukuharibia makaratasi yako yote. Na asije mtu akakuomba umnunulie wewe kwa jina lako, wala wewe usimwombe mtu, hilo ni kosa la jela.

mzee_wa_bloku:
Mama umefundisha vizuri. MashotoTX nyongeza ndogo tu, ikifika usiikimbilie porini. Ikoki tupu nyumbani, chemba umeikagua mara mbili na risasi ziko chumba kingine, mara mia, mara mia mbili, shavu limelala kwenye kitako na jicho halitoki kwenye darubini. Una mazoea mabaya ya kupitisha mkono juu, mwili utayarudia siku ya presha usipoyafuta. Na kabati la kufungia nunua pamoja na bunduki, kama una watoto ndio usingoje hata siku moja.

MashotoTX:
Wakuu narudi na mrejesho, wiki ya tatu sasa.

Nilijipima usiku ule ule, mara kumi, mke wangu akasimama mlangoni akiniangalia kupitia kile katundu aone ni jicho gani linamtazama, kila mara anasema kushoto. Jicho ni la kushoto. Nikalala vizuri.

Nilikuwa naelekea Axis ila nikabahatika kushika Tikka ya mashoto ya mzungu mmoja pale range (uwanja wa kupigia shabaha), dada mama_shabaha sina la kuongeza, nikaamua kuongeza hela kidogo na kusubiri mshahara mmoja mbele. .308. Ikatumwa kwa muuzaji mwenye leseni hapa mjini, fomu, wakaniangalia kwenye mfumo, dakika kama ishirini nikatoka nayo. Darubini nimeweka ya kawaida kwanza. Kabati tulinunua kabla yake, wanangu wawili wadogo.

Mzee nimeikoki tupu kila jioni kama ulivyosema. Siku ya kwanza mkono wa kushoto ulinyanyuka wenyewe ukaenda juu ya darubini kutafuta bolti upande wa kulia, haipo. Siku ya nne ukaacha.

Jana nimeenda range, yadi 100. Risasi tatu za kwanza za kuweka darubini sawa, kisha tatu nyingine, zikaingia zote kwenye nafasi ya kufunikwa na kiganja cha mwanangu mdogo. Halafu nikajaribu mbili za haraka. Nikapiga, mkono ukashuka kwenye bolti iliyo palepale, ganda likaruka kushoto mbali na uso wangu, nikasukuma mbele, na muda wote ule nilikuwa bado naiona karatasi kwenye darubini.

Msimu unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Nimemwomba jamaa anipe kibanda kile kile.