Sabuni ya kunyolea ya bei rahisi: povu linakufa kabla sijamaliza shavu moja

Kijana wa Kiomoni
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Niko Tanga huku upande wa Kiomoni. Yale makopo ya povu la kubonyeza nimeachana nayo, bei haishikiki na likiisha unatupa kopo, basi nikaamua nirudi kwenye mambo ya wazee, brashi, sabuni na ile mashine ya kufungia wembe wa pande mbili. Sasa shida ni hii, nachukua sabuni ya kuogea ya kawaida nasugua na brashi, povu linapanda mpaka mtu unacheka mwenyewe, ila nikianza shavu la kulia nikija kugeuka kushoto kumeshakauka, wembe unakwaruza, kesho yake shingo yote vipele. Maji natumia ya kisima. Naomba mnisaidie, sabuni gani haina gharama na inafaa, na povu lenyewe linapigwaje? Halafu la brashi, nasikia nyingine ni manyoya ya nguruwe, sasa hapa nyumbani hilo haliingii.

Kinyozi Ngamiani
Marahaba mdogo wangu. Kwanza acha hiyo ya kuogea. Ile kazi yake kukutoa jasho na mafuta, na wewe kwenye ndevu unataka kitu cha kukaa juu ya ngozi na kushika maji mpaka wembe upite. Mapovu makubwa makubwa yale ni hewa tupu, yasikudanganye.

Sasa kupiga. Chovya brashi kwenye maji ya uvuguvugu iloe hasa, halafu ikung'ute, ikung'ute kweli, isidondoshe. Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea, brashi imejaa maji unaitia kwenye sabuni unapata maji ya sabuni. Zungusha juu ya sabuni taratibu bila kukandamiza, usihesabu sana, wewe angalia ncha za brashi, mwanzo utaona vipovu, endelea tu, vitapotea na brashi itaanza kuwa nzito na kunatanata mkononi. Hapo ndiyo umechukua sabuni ya kutosha. Ukishafika hapo ndo unahamia usoni au kwenye bakuli, unaongeza maji matone mawili matatu kwa ncha za vidole, unazungusha, unaongeza tena. Kidogo kidogo. Unataka litoke zito linang'aa kama mtindi uliopigwa vizuri, ukinyanyua brashi lisimame na usione tundu hata moja ndani yake. Likiwa limefifia halina mng'ao bado linataka maji, likianza kuchuruzika shingoni maji yamezidi, rudi kwenye sabuni.

Na uso uoshe kwanza kwa maji ya moto, ndevu zilainike. Kavu hazinyolewi hata kwa sabuni ya sultani.

Fundi Bomba
Fuga tu mkuu, thawabu unapata na wembe hununui 😂

Kijana wa Kiomoni
Hahaha kazini kwetu hawataki ndevu kaka, ningefuga zamani.

Dada Sabuni Mikanjuni
Mie natengeneza sabuni za kuogea za mafuta ya nazi, kwa hiyo naomba nichangie, na mzee hapo juu kasema kweli tupu japo biashara yangu inaumia. Nazi inatoa povu jingi na haraka, hata mteja anaipendea hiyo, lakini povu lake jepesi linaanguka mapema na ikizidi inakausha ngozi. Ya kunyolea inataka vitu viwili. Kimoja asidi ya steariki, ile nyeupe inayofanana na nta ambayo hata wa mishumaa wanaitumia, hiyo ndiyo inafanya povu liwe zito na likae. Cha pili, sisi sabuni za vipande tunapikia koastiki soda ndo maana zinakuwa ngumu, wenzetu wa kunyolea wanatumia koastiki ya potasiamu, peke yake au wanachanganya na soda, hapo sabuni inakuwa laini na inayeyuka upesi kwenye brashi. Nazi wanaweka ila kiasi. Kwa hiyo ukienda dukani geuza pakiti usome, ukiona neno potasiamu na steariki pale mwanzoni mwanzoni chukua, ukiona sodiamu tupu hiyo ya kuogea hata kama wamechora mwanaume mwenye ndevu.

Mtu wa Bandari
Mbona hakuna aliyemuuliza maji?? Huko Kiomoni na Amboni chini ni mawe ya chokaa, yale mapango yenyewe yametokana na hayo hayo, kisima chako kitakuwa na maji magumu tu. Chokaa inashikana na sabuni inafanya ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni, sabuni nusu inaishia huko kabla povu halijaanza. Jaribu hivi, chukua chupa ya maji ya kisima na nyingine ya maji ya mvua, tia kipande kidogo kidogo cha sabuni sawasawa kote, tikisa. Utaona mwenyewe. Dawa yake maji ya mvua, au ya bomba ya mjini yanayotoka bwawa la Mabayani mto Zigi, au chemsha ya kisima uyaache yatulie, ile chokaa nyingi inabaki chini ya birika, unachota ya juu. Kunyoa unataka kikombe kimoja tu. Ila kisima kikiwa cha chumvi, hawa wa karibu na bahari, kuchemsha hakusaidii, tafuta mvua.

Sabuni mimi natumia Arko, ya Kituruki, kijiti cha gramu 75, bei yake ndogo sana ukilinganisha na kopo na inakaa mpaka unaisahau. Huhitaji hata bakuli, unalowesha ndevu, unapaka kijiti kwenye ndevu zenyewe kinyume na zinavyolala, halafu brashi inafanya kazi usoni hapo hapo. Harufu yake ya limau limau kali kidogo, wengine hawaipendi. Wenye hela kidogo wanasifu Proraso ya Italia ile ya kijani, ina mnanaa na mkaratusi inapoza, kwa joto letu hili la Tanga raha, lakini kwa bei mimi sioni sababu. Ujue tu Arko imekuwa ikitengenezwa na mafuta ya mnyama, soma pakiti, ukiwa na wasiwasi nalo chagua yenye mawese.

Brashi chukua ya nailoni, laini, inakauka upesi hata msimu wa masika na haina suala la nguruwe kabisa. Waturuki wana za singa za farasi pia.

Kijana wa Kiomoni
Aisee nimetikisa chupa, ya kisima imekuwa maziwa na vipande vinaelea, ya mvua povu tupu. Asanteni sana. Nimeagiza kijiti na brashi ya nailoni kwa jamaa anayekwenda Dar. Je vipele vya shingoni vitaisha na sabuni tu? Na shabu, lile jiwe la kukata damu, bado mnatumia?

Kinyozi Ngamiani
Sabuni inasaidia ila haimalizi. Ndevu zetu za kujikunja, ukizikata chini sana zinarudi kuingia kwenye ngozi, ndo kipele. Shingoni papasa kwanza ujue zinalala upande gani, mara nyingi hazilali upande mmoja, nyoa kufuata humo humo, ngozi usiivute na usirudie rudie pakavu, ukitaka kurudia paka povu upya. Shabu ipo, ninayo dukani mpaka leo, lowesha jiwe lipitishe baada ya kusuuza kwa maji baridi, acha kidogo halafu suuza tena. Palipokatika patakuwasha lakini damu inakata.

Dada Sabuni Mikanjuni
Na kijiti chako ukimaliza kisimamishe pakavu, usikiache kwenye maji sinkini. Potasiamu hiyo, kesho utakuta uji.