Mzee anakuja New York anataka "jazz", nimpeleke Village Vanguard au ataboeka?

Mwana_Moro:
Wakuu habari zenu. Mzee wangu anakuja kunitembelea mwezi ujao, mi niko hapa Jersey City, na kila tukiongea kwenye simu ananikumbusha nisisahau kumpeleka akasikilize jazz ya wenyewe. Sasa shida ni kwamba mzee kakulia Morogoro, jazz anayoijua yeye ni Morogoro Jazz, gitaa la Mbaraka Mwinshehe, watu wanacheza mpaka mashati yanaloa. Watu wanausifu sana ukumbi wa Village Vanguard ila naskia pale hamna kucheza, mnakaa mnasikiliza kimya. Ana miaka 74, goti linamsumbua, pombe hagusi. Naogopa nisije nikamtoa mbali kote huko akaishia kusinzia gizani. Aliyewahi kuingia aniambie ukweli kukoje mle ndani na siku gani inafaa.

DadaWaBronx:
Kaka mpeleke. Kwanza goti, ukumbi uko chini ya ardhi na ngazi zake zimesimama haswa, ni 15 hivi, nyembamba, kwa hiyo wewe tangulia mbele yeye akushike bega na msiende dakika ya mwisho watu wakawa wanawasukuma nyuma. Seti ziko mbili, saa mbili usiku na saa nne, kwa mzee chukua ya saa mbili. Tiketi kata onlaini mapema maana pale wanaingia watu 123 tu, lakini viti ni kuwahi, ukifika mapema unakaa meza za mbele kabisa yani mguu wako na mguu wa mpiga saksafoni viko karibu kugusana. Kinywaji lazima uagize hata kimoja ila soda zipo hakuna atakayemshangaa. Chakula hawauzi, mleni kabla, jiko lenyewe siku hizi ndo chumba cha wanamuziki. Na simu zima kabisa, kupiga picha au kurekodi wakati wanapiga hawataki. Ohoo na mwambie mapema kwamba hata kuongea ni kwa kunong'ona, mimi mara ya kwanza kwenye klabu nyingine nilimgeukia shoga yangu nimhadithie kitu, meza nzima ya jirani ikanitolea macho, niliumia maana kwetu muziki ukikolea ndo unaongea.

Besi_la_Kusimama:
Mimi nimepiga besi kwenye bendi za dansi Dar kabla sijaja huku kwa hiyo hili swali limenigusa. Mkuu, usimwambie mzee kwamba ile yake siyo jazz. Dar es Salaam Jazz imeanza miaka ya 1930, Morogoro Jazz 1944, wazee walilichukua hilo jina, na saksafoni na tarumbeta wakazipigia rumba na midundo ya kwao. Kitu kimoja ambacho mzee atakijua bila kufundishwa ni kupokezana. Kule gitaa la solo likishika wengine wanaliachia nafasi, na hapa hivyohivyo, saksi inasema, inamaliza, watu wanapiga makofi wimbo ukiwa bado unaendelea, piano inadaka. Mweleze hilo la makofi tu.

Siku: Jumatatu. Tangu Februari 1966 Jumatatu pale ni ya bendi kubwa, ilianza na Thad Jones wa tarumbeta na Mel Lewis wa ngoma na leo inaitwa Vanguard Jazz Orchestra, watu 16 kwenye kijukwaa kile kidogo. Mtu aliyezoea safu ya matarumbeta hawezi kusinzia pale.

Mzenji_Brooklyn:
Naunga mkono. Kuna jambo moja mwambie babako: John Coltrane, yule mpiga saksafoni mkubwa wa jazz, aliporekodi ukumbini humo Novemba 1961, kwenye rekodi zile limeandikwa jina la Ahmed Abdul-Malik kwa udi. Udi huuhuu wetu wa taarabu. Mimi nilipolijua hilo nilikwenda nikakaa pale peke yangu, nikawa naangalia jukwaa tu hata bendi haijatoka.

Mwana_Moro:
Wakuu nimerudi, tulienda Jumatatu kama mlivyosema. Ngazi alishuka taratibu kanishika bega. Alipofika chini akasimama kwanza kuangalia picha za wanamuziki ukutani, moja baada ya nyingine, mpaka mhudumu akatusubiri. Tulikaa meza ya pili. Matarumbeta yalipoingia yote kwa pamoja akaiweka soda chini na hakuishika tena mpaka barafu yote ikayeyuka. Ukikaa karibu hivyo unasikia hata pumzi, yule wa saksi kubwa anavuta hewa ndo sauti inatoka, na wa tromboni akipumzika anakamua maji kwenye bomba lake. Baba vidole vyake vilikuwa mezani vinatembea, nikaangalia vizuri nikaona anapiga gitaa, mkono wa kushoto unabana nyuzi kabisa. Sikujua kama mzee aliwahi kushika gitaa, miaka yote hii. Nilimuuliza tukiwa tunasubiri treni, akasema alijifunza 1970, mwaka ule Morogoro Jazz walipokwenda Japani, akaliuza alipooa.

Halafu akauliza kesho anapiga nani. Nimeshakata mbili za Alhamisi, seti ya saa mbili, na kesho asubuhi naenda kuangalia magitaa.