Mipichi imechanua na jalidi inakuja usiku, nifanyeje?

Maua_Mengi: Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Mipichi imechanua yote, utabiri unasema usiku itafika nyuzi 3 chini ya sifuri. Nitaokoaje maua? Hata kukaa nimeshindwa.

Kigoda: Nani alikutuma upande mipichi? Huwahi kuchanua halafu inalia. Mitufaha ingesubiri.

BabaJembe: Choma matairi. Marehemu mzee alikuwa akituamsha usiku wa manane tuchochee moto, majirani wakikohoa hadi asubuhi. Siku hizi vijana mnalala.

Bi_Shamba: Moshi hauzuii joto kutoka ardhini. Jua likiwa bado lipo, fyeka nyasi na ulowanishe udongo, utatunza joto. Miti midogo funika kwa shuka liguse ardhi, usilifunge kwenye shina.

Maua_Mengi: Asante, ila nimeshatandaza mabomba. Nitanyunyiza maji, yakiganda yanatoa joto.

Bi_Shamba: Kweli, kila kilo hutoa kama kilojuli 334. Ila yasikatike mpaka barafu iyeyuke asubuhi. Tangi linadumu masaa mangapi?

Maua_Mengi: Linatosha.

Bi_Shamba: Mangapi?

Maua_Mengi: Mawili na nusu hivi. Nitaanza saa kumi alfajiri.

Bi_Shamba: Umechelewa hapo. Na yakiisha mapema, maji yanayovukiza yatafyonza joto la maua. Utayaua mwenyewe.

Maua_Mengi: Mnanivunja moyo, hela ya mabomba imeshatoka! Halafu kuna upepo, utasambaza maji vizuri.

Mdadisi: Upepo? Hii chai. Jalidi ya usiku mara nyingi huja anga likiwa halina mawingu na hewa imetulia. Tena juzi ulituambia unakaa ghorofa ya nne. Mipichi iko barazani?

Kigoda: 😂😂 Chai isiyo na sukari.

Maua_Mengi: Shamba ni la shemeji, kasafiri. Kaniachia funguo tu.

BabaJembe: Na mabomba anayajua?

Bi_Shamba: Chai au si chai, wengine wanasoma. Upepo ukivuma, usifungue maji kabisa. Kwa nyuzi 3, mipichi iliyochanua hupoteza kama ua moja kati ya kumi, na matunda yakizidi mtini hupunguzwa hata hivyo. Kesho mchana pasua maua machache: kitovu kikiwa cheusi limekufa, kikiwa kijani lipo hai.

Maua_Mengi: Shemeji anapiga simu. Nimwambie nini kuhusu mabomba?

Kigoda: Fungua uzi mwingine.